Makazi na Maduka Pembezoni mwa Jiji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wanaohamia katika mitaa mipya inayochipuka pembezoni mwa majiji, kwa wafanyabiashara wanaotafuta mahali pa kufungua duka huko, na kwa wenyeji waliokuwapo kabla mji haujawafikia. Makundi haya hutazama ukuaji kwa macho tofauti, lakini maswali yao yanakaribiana sana, na mengi huishia kwenye jambo moja: nini kimejengwa kwanza, nini kimeahirishwa, na nani atakayelipia kilichoahirishwa.

Pembezoni mwa jiji ni wapi hasa?

Mpaka wa kiutawala hausaidii sana kujibu swali hili, kwa kuwa jiji huupita mpaka wake bila kuomba ruhusa. Kipimo kinachofaa zaidi ni safari za kila siku: eneo ambalo sehemu kubwa ya wakazi wake huenda kufanya kazi jijini limekuwa sehemu ya jiji hilo kiuchumi, hata kama lina halmashauri yake na jina lake la zamani. Pembezoni ni ule ukanda ambamo shamba na mtaa mpya vinapakana, na ambamo bei ya ardhi tayari inazihesabu nyumba ambazo bado hazijajengwa.

Kwa nini jiji hupanuka kwenda nje ilhali ndani yake kuna viwanja vitupu?

Mwaka 1826 Mjerumani Johann Heinrich von Thünen alionyesha kwamba thamani ya ardhi ya kilimo hupungua kadiri inavyokuwa mbali na soko, kwa sababu gharama ya kusafirisha mazao hula faida ya mkulima. Mwaka 1964 William Alonso aliipeleka hoja hiyo mijini, akaeleza kuwa kila kaya hupima ukaribu dhidi ya nafasi: aliye tayari kusafiri muda mrefu zaidi hupata kiwanja kikubwa zaidi kwa fedha ile ile. Barabara mpya au reli mpya inapofupisha safari, ardhi iliyokuwa mbali huwa karibu kwa ghafla, na wanaojenga huikimbilia.

Kuna sababu nyingine isiyotajwa mara nyingi, nayo ni urahisi wa kujadiliana. Kiwanja kitupu cha katikati ya jiji huwa kidogo, kina majirani wenye pingamizi, na pengine kina warithi watano wasioelewana, ilhali shamba la pembezoni lina mmiliki mmoja anayeweza kuuza eneo zima kwa sahihi moja. Kwa mwendelezaji, yaani anayenunua ardhi na kuijenga ili auze au apangishe, anayelipa riba ya mkopo kila mwezi, miaka mitatu ya mazungumzo ni gharama halisi, hata kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Sera nazo zimesukuma. Nchini Marekani dhamana ya serikali kwa mikopo ya nyumba, iliyoanza mwaka 1934 na kupanuliwa kwa askari waliorejea vitani kupitia sheria ya mwaka 1944, iliwezesha miradi kama Levittown ya Long Island, ambako zaidi ya nyumba 17,000 zilijengwa kati ya mwaka 1947 na 1951. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ikafungua mashamba mengine mengi. Ni lazima isemwe pia kwamba mlango huo haukuwa wazi kwa wote: mikataba ya Levittown iliwazuia Wamarekani weusi kuishi humo, na athari za ubaguzi huo katika umiliki wa mali bado zinaonekana.

Kwa nini nyumba hutangulia na maduka huchelewa?

Hili ndilo lalamiko la kwanza la wakazi wapya, na jibu lake liko katika hesabu ya mwenye duka. Mwaka 1933 Walter Christaller alieleza kwamba kila bidhaa ina mambo mawili: idadi ya chini ya wateja wanaohitajika ili muuzaji asifilisike, na umbali wa juu ambao mteja yuko tayari kwenda kuifuata. Mkate na sabuni vinahitaji wateja wachache wanaonunua mara nyingi, kwa hiyo duka dogo la mtaani hufika mapema. Samani, vifaa vya umeme na nguo za heshima huhitaji maelfu ya kaya, kwa kuwa kila kaya hununua mara chache. Mpaka kaya hizo zifike, mkazi hana budi kurudi mjini kununua, na kila safari hiyo humzoesha duka la mjini na kumchelewesha yule ambaye angefungua duka jirani.

William Reilly aliongeza jambo la pili mwaka 1931. Kwa mujibu wa kanuni yake, miji miwili huvuta wanunuzi wa eneo lililo kati yao kwa uwiano wa idadi ya watu wake, na kwa kinyume cha mraba wa umbali. Maana yake ni kwamba kiunga kilicho karibu na jiji lenye maduka mengi kitabaki bila maduka makubwa kwa muda mrefu kuliko mji wenye watu idadi ile ile uliojitenga. Wakazi wengi huliona hili kama dharau ya wafanyabiashara kwao, lakini kwa kweli ni jiografia.

Utaratibu huu unaweza kubadilishwa iwapo mtu mmoja atamiliki vipande vyote. Nchini Japani, Ichizo Kobayashi alijenga reli kutoka Umeda, Osaka, kwenda Takarazuka mwaka 1910, akauza nyumba kwa malipo ya awamu huko Ikeda kando ya reli hiyo, na mwaka 1929 kampuni yake ikafungua duka kubwa la bidhaa mchanganyiko katika stesheni ya Umeda. Abiria alikuwa mnunuzi wa nyumba, na mnunuzi wa nyumba alikuwa mteja wa duka. Faida ya kimoja ililipia subira ya kingine. Stockholm ilifanya jambo linalofanana kwa mkono wa serikali: treni ya chini ya ardhi ilifika Vällingby, kiunga cha jiji hilo, mwaka 1952, na kituo cha maduka na huduma kikafunguliwa mwaka 1954, wakati nyumba nyingi zikiwa bado changa. Wapangaji wake walitaka kazi, makazi na kituo cha huduma vikae pamoja. Upande wa kazi haukutimia kama walivyotarajia, kwa kuwa wakazi wengi waliendelea kufanya kazi kwingine, lakini hakuna aliyelazimika kusubiri miaka kumi ili apate duka na usafiri.

Ninaamini kwamba mfano wa Vällingby ungepaswa kujulikana na kila diwani anayeidhinisha ramani ya mtaa mpya, kwa sababu unathibitisha kwamba kuchelewa kwa huduma ni uamuzi wa watu.

Mbona jengo kubwa la maduka huwekwa kwenye makutano ya barabara kuu, mbali na nyumba?

Kwa sababu hesabu yake haiishii kwenye mtaa mmoja. Jengo la aina hiyo linahitaji wateja wa mitaa mingi, na makutano ya barabara mbili kubwa ndiyo mahali ambapo watu wengi zaidi wanaweza kufika kwa muda mfupi zaidi. Mwendelezaji huanza kwa kumtafuta mpangaji mkuu, ambaye kwa kawaida ni supamaketi au duka kubwa linalojulikana, na humpa kodi nafuu kwa kuwa ndiye atakayewavuta watu. Wapangaji wadogo hulipa kodi ya juu zaidi kwa kila mita ya mraba ili wakae njiani mwa wateja hao. Benki nayo huuliza jina la mpangaji mkuu kabla ya kutoa mkopo.

Victor Gruen, msanifu majengo aliyezaliwa Vienna, alikuwa na ndoto tofauti alipobuni Southdale huko Edina, Minnesota, jengo la kwanza la maduka lililofunikwa lote na kudhibitiwa joto na baridi, lililofunguliwa mwaka 1956. Mpango wake ulikusudia kulizungushia jengo hilo nyumba, shule, vituo vya afya na bustani, ili watu wa viungani wapate mahali pa kukutana kama katikati ya mji. Kilichojengwa kwa wingi ni maduka na maegesho. Kabla ya kifo chake mwaka 1980 Gruen aliyakana hadharani majengo yaliyoigwa kutokana na kazi yake. Sheria ya kodi ya Marekani ya mwaka 1954 ilikuwa imewaruhusu wawekezaji kuhesabu uchakavu wa majengo mapya kwa kasi kubwa katika miaka ya mwanzo, na hivyo kujenga jengo jipya pembezoni kukawa na faida ya kikodi kuliko kukarabati la zamani. Kuwalaumu wasanifu peke yao ni kuisahau sheria hiyo.

Je, maduka ya pembezoni huua maduka ya katikati ya mji?

Inategemea kama idadi ya wanunuzi inaongezeka au inagawanywa upya. Pale ambapo watu wapya wanafika kwa wingi, pande zote mbili zinaweza kustawi kwa muda. Pale ambapo idadi ya watu imesimama, mita za mraba zinazoongezwa pembezoni huwa zimeondolewa mahali pengine. Ufaransa ilipofungua duka lake kubwa la kwanza la aina ya vyakula na bidhaa zote pamoja huko Sainte-Geneviève-des-Bois, kusini mwa Paris, mwaka 1963, lilikuwa na mita za mraba 2,500 hivi. Miaka kumi tu baadaye bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti maduka makubwa, kutokana na kilio cha wenye maduka madogo. Uingereza ilichukua njia nyingine katika miaka ya 1990, ikamtaka mwendelezaji athibitishe kwanza kwamba hakuna nafasi ifaayo katikati ya mji wala ukingoni mwa katikati hiyo, ndipo aruhusiwe kujenga nje. Naiona njia hii kuwa bora zaidi, kwa kuwa inauliza swali la mahali bila kumkataza mtu kufanya biashara.

Nani hulipia barabara, maji, majitaka na shule?

Swali hili ndilo lenye uzito kuliko yote, na huulizwa mara chache kuliko inavyostahili. Kwa kawaida mwendelezaji hujenga barabara za ndani ya mtaa na mabomba yake, kisha huvikabidhi kwa mamlaka ya eneo. Kazi kubwa za nje ya mtaa, yaani bomba kuu, mtambo wa kusafisha majitaka, daraja la makutano na shule, ndizo zinazogombaniwa. Kuna njia kadhaa za kuzilipia. Mamlaka inaweza kutumia kodi za wakazi wote, na hapo mkazi wa katikati ya jiji humchangia jirani asiyemjua. Inaweza kumtoza mwendelezaji ada kwa kila nyumba, ada ambayo sehemu yake humfikia mnunuzi kupitia bei na sehemu nyingine humfikia mwenye shamba kwa kupunguziwa bei ya ardhi. Huko Texas huundwa wilaya maalumu za huduma zinazokopa kwa kuuza hati fungani, na wakazi wa mtaa huo hulipa deni hilo kwa miaka mingi kupitia kodi yao. Hong Kong imetumia njia ya nne: kampuni ya reli hupewa haki ya kujenga juu ya stesheni na kando yake, na ongezeko la thamani ya ardhi linalosababishwa na reli hurudi kuilipia reli yenyewe.

Lililo gumu zaidi ni matengenezo. Barabara na mabomba mapya hayadai kitu katika miaka ya kwanza, na wakati huo huo nyumba mpya zinaingiza kodi mpya, kwa hiyo vitabu vya halmashauri hupendeza. Baada ya miongo miwili au mitatu lami hudai kufunikwa upya, na baadaye mabomba hudai kubadilishwa, yote kwa pamoja kwa kuwa yote yalijengwa kwa pamoja. Fikiria mtaa wenye nyumba pande zote mbili za barabara. Ikiwa kila kiwanja kina upana wa mita 30, kila nyumba hubeba mita 15 za barabara na bomba. Ikiwa upana ni mita 10, kila nyumba hubeba mita 5. Tofauti ni mara tatu, nayo hudumu maisha yote ya mtaa. Halmashauri inayoidhinisha viwanja vipana bila kuweka kando fedha za matengenezo inawakopa wakazi ambao bado hawajahamia.

Meksiko inaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kuharibika. Baada ya mwaka 2000 mikopo ya mfuko wa nyumba wa wafanyakazi iliwezesha kujengwa kwa mitaa mikubwa sana ya nyumba ndogo mbali na miji, mahali ambapo ardhi ilikuwa rahisi na usafiri ulikuwa haba. Sensa ya mwaka 2010 ilikuta takribani nyumba milioni 5 nchini humo hazikaliwi na mtu. Si zote zilikuwa za mitaa hiyo, lakini mitaa mingi ya pembezoni ilikuwa imetelekezwa na watu waliochoka kutumia kipato chao kwa nauli, na mwaka 2013 kampuni kubwa za ujenzi wa nyumba hizo zilishindwa kulipa madeni yao.

Kwa nini baadhi ya halmashauri hupendelea maduka kuliko nyumba?

Kwa sababu ya namna mapato yake yanavyopatikana. Nyumba huleta watoto wanaohitaji shule, ilhali duka huleta mapato bila kuhitaji darasa. Huko California wapiga kura walipunguza kodi ya majengo mwaka 1978, huku sehemu ya kodi ya mauzo ikiendelea kurudi kwenye mji ambamo mauzo yamefanyika. Miji jirani ikaanza kushindana kuvutia maduka na wauzaji wa magari, hata kwa kuwapa nafuu za kikodi, ilhali kila mji ulitumaini jirani yake ndiye atakayejenga nyumba. Suluhisho ni kugawana mapato ya maduka katika eneo zima la jiji, jambo ambalo ni rahisi kulieleza na gumu kulipitisha.

Kupanua barabara kuu kutaondoa foleni?

Kwa muda mfupi, ndiyo. Anthony Downs alieleza mwaka 1962 kwamba barabara kubwa iliyopanuliwa huwarudisha madereva waliokuwa wakiikwepa kwa kupita njia nyingine, kusafiri saa nyingine au kutumia treni. Utafiti wa Gilles Duranton na Matthew Turner uliochapishwa mwaka 2011, uliohusu miji ya Marekani, ulikuta kwamba umbali unaoendeshwa na magari huongezeka karibu sambamba na urefu wa njia za barabara kuu zinazoongezwa. Pembezoni mwa jiji athari hii ni kali zaidi, kwa kuwa barabara iliyopanuliwa hualika mitaa mipya ambayo magari yake huijaza. Hii haimaanishi kwamba barabara isijengwe, kwa kuwa watu waliokwisha kuhamia wanahitaji kufika kazini. Inamaanisha kwamba njia ya mabasi na nafasi ya reli vitengwe mapema, kabla viwanja havijauzwa hadi ukingoni mwa lami.

Kwa nini maegesho huchukua nafasi kubwa kiasi hicho?

Gari moja lililoegeshwa, pamoja na njia ya kuingilia na kutokea, huhitaji takribani mita za mraba 30. Kanuni inayodai nafasi moja kwa kila mita za mraba 20 za duka humlazimisha mwenye duka la mita za mraba 10,000 kutengeneza nafasi 500, yaani mita za mraba 15,000 za lami. Maegesho yanakuwa makubwa kuliko duka, na anayekwenda kwa miguu huvuka uwanja wa jua kali au mvua ili afike mlangoni. Buffalo, katika jimbo la New York, ilifuta masharti ya kiwango cha chini cha maegesho mwaka 2017, na miji mingine imefanya vivyo hivyo.

Lami hiyo pia huzuia mvua kuingia ardhini. Maji yaliyokuwa yakinyonywa na shamba kwa saa nyingi hufika mtoni kwa dakika chache, na mara nyingi wanaofurika ni watu wa bondeni ambao hawakushirikishwa katika uamuzi wowote. Mabwawa ya kupokea maji ya mvua yanapaswa kuchimbwa kabla ya kuezeka nyumba ya kwanza.

Je, mpaka wa ukuaji husaidia?

Husaidia kuhifadhi ardhi, lakini si peke yake. Ukanda wa kijani wa London ulianza kulindwa kwa sheria ya mwaka 1938, na tangu mwaka 1955 serikali ikahimiza miji mingine ya Uingereza iige. Oregon ilipitisha sheria yake ya mipango ya ardhi mwaka 1973, na mpaka wa eneo la jiji la Portland ukawekwa mwaka 1979. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni muhimu: mpaka wa Oregon hupimwa upya mara kwa mara ili uwe na ardhi ya kutosha kwa miaka 20 ya makazi, ilhali ukanda wa Uingereza ulikusudiwa kudumu. Mpaka unaofungwa bila kuruhusu ujenzi wa ghorofa ndani yake hupandisha bei, na baadhi ya watu huuruka na kwenda kuishi mbali zaidi ya mashamba yaliyolindwa.

Nini hutokea mtaa au jengo la maduka linapozeeka?

Mtaa uliojaa watu wa rika moja huzeeka kwa pamoja. Tama, nje ya Tokyo, ilipokea wakazi wake wa kwanza mwaka 1971, wengi wao wakiwa familia changa; leo inashughulika na shule zilizofungwa na wazee wanaoishi ghorofa za juu katika majengo yasiyo na lifti. Kuchanganya ukubwa na aina za nyumba tangu mwanzo hupunguza tatizo hili, kwa sababu kijana, familia na mzee wote hupata pa kuishi bila kuuhama mtaa.

Jengo la maduka lililokufa linaweza kupata maisha mengine. Huko Lakewood, Colorado, jengo la Villa Italia lililofunguliwa mwaka 1966 lilifungwa mwaka 2001, na mahali pake pakajengwa Belmar, mtaa wenye barabara za kawaida, nyumba, ofisi na maduka, ulioanza kufunguliwa mwaka 2004. Ardhi kubwa ya mmiliki mmoja, ileile iliyorahisisha kujengwa kwa jengo la kwanza, ndiyo iliyorahisisha mageuzi hayo.

Ninafikiria kununua nyumba katika mtaa mpya. Nichunguze nini?

Anza na vilivyopo, kisha ndipo uangalie vilivyochorwa. Picha ya shule katika kipeperushi haina nguvu ya kisheria. Uliza kama kiwanja cha shule kimeshahamishwa kwa mamlaka husika na kama fedha za ujenzi zimetengwa. Kuhusu maduka, uliza kama mpangaji mkuu amekwisha kutia sahihi au kama bado yuko kwenye mazungumzo, kwa kuwa hizo ni hali mbili zilizo mbali sana. Safiri kutoka huko hadi kazini kwako siku ya kazi, saa ile ile ambayo ungesafiri, na ujumlishe nauli au mafuta ya mwezi kwenye malipo ya mkopo kabla ya kusema nyumba hiyo ni nafuu. Uliza kama kuna ada au deni la huduma linaloambatana na kiwanja, na litakwisha lini.

Hatimaye, omba kuona hati ya makabidhiano ya barabara na mabomba. Ikiwa mamlaka bado haijavipokea, basi taa ikizimika au bomba likipasuka anayewajibika ni mwendelezaji, na iwapo mwendelezaji huyo atafilisika kabla ya makabidhiano, mzigo huo unaweza kuwaangukia wakazi wenyewe. Muulize mwanasheria wako jambo hili kabla ya kulipa malipo ya awali.